Mstari Mwekundu Katika Viazi Vyangu

Ndani ya simu za watu ambao sijawahi kuwaona kuna mstari mwekundu unaopita katikati ya viazi vyangu. Sikuuchora mimi. Baba yangu hakuuchora. Chifu hakuuchora. Lakini kila Jumamosi watu wa kutembea milimani walikuwa wanakuja na mifuko mgongoni, wanaangalia simu, wanajipenyeza kwa ua wangu pale ulipo mwembamba, na kukanyaga matuta wakielekea maporomoko ya maji yaliyo msituni. Ukiwauliza, wanakuonyesha kioo. "Njia ni hapa, guka." Guka ni babu. Sasa mjukuu gani hukanyaga chakula cha babu akimwamkia?

Niko upande wa Endarasha, karibu na msitu, mahali baridi inauma mpaka mbwa anaomba kulala jikoni. Nyumba iko juu, peupe. Viazi viko chini, ukanda mwembamba kando ya mto, na nyuma yake kuna mwamba mrefu kama ukuta wa kanisa, na miti mizee ya mitarakwa imefunika juu. Njia ya watu, ile ya tangu zamani, iko ng'ambo ya mto. Kutoka njia hiyo mpaka viazi vyangu ni hatua kama thelathini, na maji ya kufika magotini. Mpaka wangu baba aliuweka kwa matoka, yale maua ambayo kwetu hupandwa ili kutenganisha shamba na shamba, wazee wakiwa wamesimama wanashuhudia. Ukihamisha itoka la mwenzako, walisema, hutafika mbali. Mimi namjua mmoja ambaye hakufika, lakini watoto wake wako hai, niache.

Siku moja msichana wa kundi fulani aling'oa matoka mawili akayashika kifuani apigwe picha. Hakujua. Mke wangu akamwendea pole pole. "Mama, hiyo umeshika ni hati ya shamba ya huyu mzee. Irudishe kwa udongo."

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa mwalimu, mama wa kutoka upande wa magharibi, anafundisha mjini na kukaa Gatitu. Mtu wa adabu. Alirudi katikati ya wiki, akanywa chai kwangu, akasema wageni wanapotea sana msituni, kwa hivyo wamepata ruhusa ya kuweka nguzo nyeupe zifuate ule mstari. Wangekuja Jumamosi. Nguzo tatu zingesimama ndani ya viazi.

Niliweka kikombe chini. Nguzo si simu. Simu inazimwa. Nguzo ikikaa kwa shamba lako, mtoto anayezaliwa leo ataikuta hapo, na akiwa mkubwa ataapa kwamba hiyo ni njia. Ukanda ule umelisha watoto wangu sita. Ningekaa nikiuangalia ukigeuka barabara?

"Hamtaweka," nikasema.

"Guka, si tuongee kwanza?"

"Tumeongea. Hamtaweka. Na kama hiyo simu inajua shamba langu kuliko mimi, uje nayo hapo chini tuone."

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Baba aliniambia ng'ombe hawajui kusoma na wanashiba. Lakini redio naijua. Redio yangu ya kwanza, ukiwa nayo nyumbani, mtangazaji anaongea kama amekalia kiti chako. Ukishuka nayo chini ya ule mwamba, anaanza kukoroma. Kwa hivyo kila mpira ukinikuta kule chini nilipanda juu ya banda la ng'ombe lililokuwa hapo, na siku moja nilianguka nikavunjika mkono, na timu yangu ikafungwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilijiuliza: kama redio inakoroma pale, hii simu inayosikiliza vitu vilivyo juu mbinguni itasikia nini?

Jumamosi wakaja, kama watu kumi na watano, nguzo mabegani. Mmoja alikuwa afande, polisi mkubwa wa mwili kutoka Ukambani, yuko likizo.

"Mzee," akaniambia, "setilaiti haidanganyi."

"Setilaiti haina shamba hapa," mke wangu akamjibu.

Tulianza juu, uani kwangu. Mwalimu akashika simu, akangoja itulie. Alama ya buluu ikakaa kando ya tangi langu la maji, pale pale tuliposimama. Afande akacheka mpaka nguzo ikatikisika.

"Sasa mzee? Inakujua mpaka tangi!"

Nisidanganye, moyo ulishuka. Kukosea nakujua. Wakati mmoja nilitafuta ng'ombe kwa ukungu, nikazunguka na kuzunguka, nikafika kwa boma fulani nikabisha hodi, nikauliza kama wameona ng'ombe mweusi. Mke wangu akafungua mlango akasema, "Tumeona mjinga mmoja tu." Lilikuwa boma langu. Kwa hivyo nilishuka kule chini bila uhakika. Lakini nilishuka.

Nikasimama kwa tuta la tatu. Mwalimu akanipa simu. "Usisonge, guka." Sikusonga. Duara la buluu lililozunguka alama, ambalo aliniambia ndilo kiasi cha shaka ya simu, likafura kama andazi kwa mafuta. Alama ikavuka mto. Ikarudi. Ikapanda mwamba, ikatembeatembea huko juu ambako hata tumbili hapandi. Mimi nimesimama, gumbuti ndani ya matope, na simu inanichora kama mlevi anayetoka harusini.

Afande akatoa yake. Yake ilimweka katikati ya mto.

"Afande," mke wangu akauliza, "maji ni baridi?"

Hata mwalimu alicheka. Halafu akaeleza, na nilimwelewa kuliko mwalimu wangu wa darasa la tatu. Simu haidanganyi kwa kupenda. Inahitaji kusikia setilaiti kadhaa kwa wakati mmoja, kutoka kila upande wa anga, na inapima muda ambao kila sauti imetumia kufika. Hapa mwamba umeziba nusu ya anga, miti imefifisha sauti nyingine, na zile zinazobaki zinagonga mwamba kwanza kama mwangwi. Zikichelewa, simu inafikiri uko mahali pengine.

"Basi aliyechora mstari alipita wapi?" nikauliza.

"Sijui, guka. Labda ng'ambo, simu ikiwa ndani ya mkoba."

"Twende ng'ambo."

Tukavuka. Mwalimu akaweka simu mkobani, tukatembea njia ya zamani mpaka pale mto unapopinda. Akaitoa. Ilikuwa imetuchora tumepita katikati ya viazi. Watu kumi na watano, viatu vimelowa, na simu inasema hatukuvuka! Tukarudi mara ya pili, ikatuchora juu ya mwamba. Afande alitazama simu, akatazama viazi, akatazama simu. 

Kijana mmoja wa kundi akasema, "Lakini watu wengi wako na huu mstari tayari. Si ni rahisi kuuacha tu?"

"Kosa likiwa na watoto wengi," nikamwambia, "bado ni kosa. Chimbeni upande huu."

Walichimba upande ule. Mwalimu akatembea njia yote tena taratibu, simu ameinua juu ya kichwa, akisimama kila palipo na uwazi, mpaka akapata mstari uliokaribia ukweli. Ulikaribia tu; alisema hatua chache huku au kule hawezi kuahidi. Akasema pia ule mwekundu hawezi kuufuta katika simu za watu wengine.

"Basi nitakuwa hapa," nikasema.

Na niko. Wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja peke yake, fimbo mbili mkononi kama mbuzi wa miguu minne.

"Mzee, simu inasema ni hapa."

"Na mimi nasema ni pale. Nguzo ile nyeupe unaiona?"

"Nitalowa."

"Utalowa."

Akasema nitaripotiwa. Nikamwambia alete huyo atakayemripotia, naye atavuka mto. Nikamwonyesha mahali palipo na mawe mazuri, na sikutoka kwa ua mpaka alipoketi akaanza kufungua kamba za viatu.