Kuku wa Mjukuu

Jumamosi hapa Iguguno nilikuwa uani kwa jirani yangu, mama kijana, namenya viazi vitamu. Binti yake alikuwa anatimiza miaka minne, na chakula cha sherehe kilikuwa viazi, karanga za kukaanga na uji wa uwele wenye asali. Mama mkwe wake akafika kutoka Misigiri, mtetea kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpokee huyu, ni wa mjukuu wangu."

"Jamani mama, umeniokoa! Sherehe haikuwa na kitoweo."

Bibi akacheka, akidhani anataniwa, akaingia ndani kujinyoosha. Mimi nikaletewa kuku na maji ya moto. Nikanyonyoa bila kuuliza.

Sinia lilipotua, bibi akamwinamia mtoto. "Kuku wako umemfungia wapi, akutagie?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye mchuzi.

Bibi akarudisha kiazi chake taratibu. "Kuku wa mtoto ni wa kufuga! Vifaranga wanaleta mbuzi, mbuzi wanaleta ng'ombe. Mmempikia mtoto ng'ombe wake!"

"Sasa mama, si ungesema?"

"Kuku wa mtoto husemewa?"

"Na aliyeletwa siku ya sherehe huulizwa?"

Mtoto akaangua kilio. Wote wawili wakanigeukia mimi, mtu mzima, niamue. Ndugu zangu, hadi leo sijajua nani alikosea. Na siku ile ndiyo kabisa nisingeweza kusema neno, maana nilikuwa na paja mdomoni.