Chakula Nilichomgandishia Mume Wangu

Mhariri, nakuomba jina langu libaki kwako peke yako, maana Bariadi ni mji mdogo na gazeti moja husomwa na mtaa mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa kwa ng'ombe na kwa kanisa, na tuna watoto watatu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza ulimi mnisamehe.

Mume wangu alikuwa karani wa ushirika. Hili soko huria lilipoingia, ushirika ukayumba naye akapunguzwa kazi. Tulihangaika sana mpaka tajiri mmoja wa pamba alipomchukua awe mnunuzi wake kule Shishiyu. Msimu ukifunguliwa anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi. Shida ikawa tumbo. Ana vidonda vya tumbo, na daktari alimkataza pilipili, mafuta mengi na kushinda njaa. "Huyu ale chakula cha nyumbani," daktari alisema, tena alinitazama mimi, utadhani tumbo ni langu.

Bahati nzuri nilikuwa na friza. Ni la mafuta ya taa, tulilinunua kwa wamisionari waliokuwa wanarudi kwao, na nilikuwa nawauzia barafu watoto wa shule. Nikaacha barafu. Kila mwisho wa wiki nikawa napika: sato wa Lamadi wa kuchemsha, maharage yaliyolainika, mchicha wa karanga, ndizi na nyama isiyo na mafuta. Kikipoa natia kwenye makopo ya majarini, nagandisha, kisha Jumatatu alfajiri nayafukia ndani ya sanduku la mbao lililojaa pamba. Watu wanajua pamba ni ya kuuza tu, lakini barafu ikifukiwa kwenye pamba haina haraka ya kuyeyuka. Majirani walinicheka, "Mume wako anakula barafu!" Nikawajibu wacheke tu, wa kwangu atapona.

Hakupona. Kila Jumamosi alirudi kakonda, kashika tumbo, lakini makopo ni matupu. Nikaona kosa ni mikono yangu. Nikapunguza chumvi, nikaacha nyanya, nikamsumbua daktari hadi akanichoka. Usiku naomba Mungu aninyooshee upishi. Mjinga mimi!

Wiki iliyopita gari la pamba lilikuja kabla ya Jumamosi, bila yeye. Dereva ni mgeni, ameanza kazi msimu huu. Akanishushia makopo yangu, na juu yake kikapu kidogo cha kusukwa chenye kifuniko.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa heshima zote. "Wifi yako wa Shishiyu amesema nikupe mwenyewe mkononi. Anasema wabeja sana kwa chakula."

"Wifi yangu yupi?"

"Si mke wa kaka yako, huyu mnunuzi wetu? Anasema mimba ya kwanza ilimtoka, na hii alikuwa anatapika kila kitu, ila chakula chako kinakaa. Mtoto akiwa wa kike atampa jina lako, kwa kuwa wewe ndiye shangazi yake." Kisha akacheka kidogo. "Na anauliza vikapu vyake vingine. Kila wiki anakutumia matobolwa, mbona vikapu havirudi?"

Wasomaji, mnaijua desturi yetu. Chombo cha mwenzako hakirudi kitupu. Yule binti kalelewa vizuri. Kila kopo langu alilijibu kwa matobolwa, viazi vitamu alivyovichemsha, akavikata na kuvianika mwenyewe, na mume wangu alikuwa anavimaliza njiani na vikapu anavitupa. Nikamwambia dereva asante, nikaingia ndani nikalia.

Jumamosi nilimwandalia mume wangu matobolwa na karanga, ndani ya kikapu kilekile. Alikisukuma pembeni.

"Basi umeshajua," akasema.

"Kwa nini umenifanya dada yako?"

"Ningemwambia kimepikwa na mke wangu, angekula?"

"Na tumbo lako?"

"Mimi nilikuwa nakula mgahawani."

Mgahawani! Pilipili na mafuta, huku mimi nalaumu mikono yangu. Halafu akaniomba, tena kwa upole, niendelee kupika na ninyamaze mpaka binti ajifungue. "Ile ya kwanza ilitoka kwa mawazo," akasema. "Ukimwambia sasa hivi ikatoka na hii, damu hiyo ni yako."

Nilikwenda kwa mama yangu. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikuwa na wake watatu, mbona tuliishi?" Ni kweli, lakini wake wa baba walijuana. Walipeana chumvi, walitukanana, walizikana. Hakuna aliyefichwa kwa kuitwa dada wa mume. Angeniambia ameoa ningegombana naye kama mke. Yeye ameniondoa kwenye nafasi ya mke, ameniachia jiko.

Wiki hii nimepika. Sitaki kuwadanganya, nimepika huku namlaani mume wangu, kwa sababu yule mtoto tumboni hajanikosea, wala mama yake. Lakini naona nikipika tena nitakuwa nimekubali kuwa wifi, na nikiacha nitamtia njaa mtu ambaye ndiye pekee aliyenishukuru. Na nikisema ukweli, Mungu wangu, nikisema ukweli!

Mimba bado changa, msimu bado mrefu, na kikapu chake kiko juu ya friza langu. Dereva atakifuata. Kwetu hakirudi kitupu. Nambieni, ndugu zangu, nitie nini ndani yake?