Nusa Kila Bidoni, Mwambie Patron Mara Moja

Nakumbuka asubuhi ile kule Kalengera, Furaha binti yangu, nikiwa kijana wa mbio, kazi yangu kupokea maziwa. Shule niliiacha mapema, lakini maziwa nayajua, na ndiyo yaliyokusomesha. Wafugaji walishuka na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimejaa bidoni, madumu ya maziwa. Mwenye depo ya kukusanyia maziwa, patron wetu, alikuwa ametupa sheria: kila bidoni ikiingia, unainusa, unapanda kilima mpaka nyumbani kwake kumwambia, ndipo unashika nyingine. Nilipanda na kushuka, jasho linatoka, najiona mwanaume. Nyuma yangu jua linapiga foleni.

Muzee mmoja, mpokeaji wa zamani, akanikamata shati.

"Unaenda wapi tena?"

"Kumwambia patron bidoni imeingia, Papa."

"Na hizi zinazochacha, utazinywa wewe?" Watu wakacheka. "Nusa kila moja, hiyo usiache, sababu moja mbovu inaharibu tangi lote. Lakini habari ya patron ingoje chukudu iwe tupu. Utapanda mara moja, utamwambia zote."

Nimekumbuka hayo sababu jana nilikukuta kazini kwako, depo ya maziwa hapa Goma, macho mekundu. Programu ya kompyuta uliyowatengenezea ya kuandikia maziwa imekuwa nzito, wamama wanangoja juani, na patron wako ameapa kurudia karatasi na kukufukuza. Ulinieleza: ndani ya jedwali, lile daftari la kompyuta, umetega amri zinazojiamsha zenyewe, mnaziita triga. Karani akiandika bidoni moja, triga moja inaukagua mstari huo, nyingine inajumlisha upya maziwa yote ya mwezi, nyingine inamwandikia patron ujumbe. Karani anaona ameandika mstari mmoja tu. Kumbe mashine imepanda kilima, na mstari haupiti mpaka irudi.

Basi nisikilize, sitazunguka. Triga si adui. Ile inayokagua iache palepale, kwa kila mstari, ila iwe fupi. Hesabu na ujumbe vipeleke mwisho, mzigo wa mfugaji ukishaingia wote. Na kabla hujaongeza amri nyingine, jiulize nani anangoja nje.

Usilie, mama. Ulitaka patron asikose habari, kama mimi zamani. Kesho amka mapema, urekebishe. Mimi nitakuja na bidoni yangu, nisimame kwenye foleni na wale wamama.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na maziwa yetu yakufikie yangali matamu.