Duara la nguzo njia ya Bidiya, na redio tuliyoizima

Wakuu, salaam aleikum, na shikamooni wakubwa mliomo humu. Haya sikusimuliwa, wallahi, yametokea nyumbani kwetu.

Miaka ya sabini tulihama Unguja tukaja Ibra, huku Omani. Bibi yangu, mama yake Mama, aligoma kuja, na alikuwa mgonjwa.

Barua zilichelewa mno. Tegemeo letu redio. Kila jioni Mama alisikiliza matangazo ya vifo ya Unguja. Bibi asipotajwa, anasema alhamdulillah, ndipo tunakula.

Mara uwandani, njia ya Bidiya, zikasimamishwa nguzo za chuma, duara kubwa kushinda uwanja wa mpira. Watu wakasema ni antena, inajua redio iko upande gani.

(Baadaye nilisoma kuwa mambo haya yalianza zama za Vita vya Pili vya Dunia, kusaka nyambizi.)

Baba alikuwa anangojea paspoti zetu za Omani. Akaingiwa na khofu, akamwambia Mama:

"Serikali wakijua tunasikiliza Unguja, watasema sisi wa kule. Zima, Mama Salma."

Mama akazima. Redio ikafungwa kanga, ikatiwa sandukuni. Hata Kiswahili tukawa tunanong'ona, yakhe. Gari ikisimama mlangoni, nakwenda kuchungulia dirishani. Mama chakula kikawa hakimpiti.

Paspoti zikatoka, Baba akaifungua redio mwenyewe. Jioni ile Bibi hakutajwa, na kesho yake hakutajwa. Mama akaanza kunenepa.

Kisha akaja binamu yangu kutoka Unguja. Hata hajakaa vizuri, akasema, "Poleni na Bibi. Tulimtangaza redioni, tukajua mmesikia. Mbona hamkutuma hata salamu?"

Bibi alikufa redio ikiwa sandukuni. Mama hakulia mbele ya mgeni. Aliingia jikoni, akakaa chini.

Miaka ya thamanini satelaiti zikaifanya kazi ile, nguzo zikang'olewa. Injinia mmoja wa kung'oa alikuja kunywa kahawa kwetu. Baba akamuuliza ilikuwa ikiwakamataje wasikilizaji.

Akacheka. "Msikilizaji haonekani, mzee. Ile inamjua anayetuma mawimbi tu."

Baba akaweka kikombe chini. Mama, aliyekuwa akitoa kokwa za tende, akasema taratibu, "Kumbe tungeuliza."

Mpaka leo nasikia uchungu. Wakuu, kitu kikikutisha, kwanza uliza kinafanya nini.

Wenzangu wa Sur na Nizwa, nanyi mlizima zenu? Semeni. Mama yupo hapa ubavuni, ananiambia nimsomee mtakayoandika.