Barua Kuhusu Wigo wa Newburg

Nyuma ya jengo letu hapa Newburg, Louisville, palikuwa na wigo wa vichaka na miforosadi, mrefu kumzidi mtu, uliotenganisha madirisha ya ghorofa ya chini na uwanja wa malori wa ghala. Jirani yangu, mjane kutoka Kivu, aliishi nyuma ya wigo huo kama aishivyo mtu nyuma ya pazia. Hakupenda kutazamwa na watu asiowajua, na alikuwa na sababu zake.

Watu wote walisema wigo ulilindwa na sheria kwa ajili ya ndege. Fundi wa jengo alisema hivyo, kanisani walisema hivyo, na hata meneja, aliyetamani kupanua maegesho, hakuthubutu kuugusa. Nilipouliza ni sheria gani, hakuna aliyeweza kuitaja. Nilifundisha miaka mingi katika shule za kambi za wakimbizi huko Tanzania, na sivumilii neno lisilo na chanzo. Nikaiandikia barua ofisi ya mji.

"Papa, acha," mjane aliniambia, akiniita baba kwa Kiswahili chake cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa. "Donc, miti iko inasimama, ndege iko inaimba, weye unatafuta nini tena?"

"Natafuta maandishi, mama. Tukiyapata, hakuna atakayeugusa."

"Bon. Utatuletea matatizo na hiyo kalamu yako."

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, fupi na la adabu. Sheria ya mji ililinda miti ya kando ya barabara za umma. Viota vyenye mayai visiguswe mpaka makinda waruke. Zaidi ya hayo, wigo ulio ndani ya kiwanja ni wa mwenye kiwanja. Chini kabisa iliandikwa kuwa nakala imepelekwa kwa meneja. Mimi ndiye niliyeomba hivyo, kwa kupenda utaratibu.

Meneja alitii sheria barabara. Alingoja makinda waruke, kisha misumeno ikaja asubuhi moja, na kufikia adhuhuri madereva wa malori wangeweza kuhesabu sufuria za jirani yangu. Alitundika kitenge dirishani. Hakunilaumu, ningependelea anilaumu. Uvumi nilioudharau ndio uliokuwa ukiulinda wigo ule.

Juzi nilichimbua mche wa mforosadi uliojiotea kando ya ghala, nikaupanda chini ya dirisha lake. Magoti yaliniuma, na sidhani nitauona ukifika usawa wa kioo. Kitenge kikasogea.

"Papa, umeuliza ofisi kwanza?"

"Sikuuliza."

"Bon. Uongeze maji."