Vane ya Uani kwa Mama Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa ekipe, mkuu wa kikosi chetu cha mafundi wa maji, alinikabidhi spana ya mabomba na fundo la filasi, yaani nyuzi za katani tunazozungusha kwenye meno ya bomba ili maji yasipenye. Akaniambia, "Maji haina haraka. Iko natafuta kosa yako tu." Nilimcheka moyoni. Nilikuwa kijana wa kujisifu, na mikono yangu, niseme kweli, ilistahili sifa.

Nyumba za zamani za Kasongo zilijengwa na ndugu ubavuni mwa ndugu. Bomba moja lilitoka barabarani, likaingia ua wa kwanza, likapita chini ya ukuta hadi ua wa pili. Tulitumwa kuweka vane, kifungio cha kukata maji yote, moja kwa kila bomba la namna hiyo. Wenzangu walitaka kuziweka nje. Mimi nikaziweka uani, watoto wa barabarani wasizichezee, na shefu akanisifu mbele ya wote.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare, nikajengea chemchemi hadi Wamaza, saruji imefungwa nyuma ya pikipiki. Niliporudi Kasongo, shefu nilikuwa mimi.

Asubuhi moja akaja mbio Ramazani, muuza vitambaa. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya ukuta, upande wake, na maji yanakula msingi. Nyumba ya matofali mabichi ikilowa chini haina subira, na ile ndiyo pekee aliyoachiwa na baba yake. Vane kuu ya mtaa, iliyokuwa barabarani tangu zamani, ilikwisha kufukiwa na udongo wa mvua miaka mingi. Iliyobaki ilikuwa ua wa kwanza, kwa jirani yake Mama Zaituni, naye alikuwa ndani ya eda. Mume wake alikuwa hajamaliza mwezi kaburini, na mwanamume wa nje haingii kwa mjane wa eda.

"Shefu, turuke ukuta," alisema Ramazani. "Nyumba yangu iko nakufa!"

"Haturuki."

Nilimjibu kwa ukali, lakini hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Vane ile niliiweka mimi. Niliwawazia watoto na michezo yao, sikuwaza hata mara moja kwamba kuna siku nyumba itabaki na mwanamke peke yake, mlango umefungwa kwa heshima. Niliona aibu.

Nikasogea ukutani, nikapaza sauti. "Mama Zaituni! Miye fundi wa maji. Pole na musiba."

"Nimepoa, baba. Sema, niko nasikia."

"Kuna kifuniko ya chuma karibu na jiko. Ifungue. Ndani kuna gurudumu kidogo."

"Nimeiona. Iko na kutu."

"Usilazimishe. Zungusha kuelekea mukono wa kuume. Ikikataa, rudisha nyuma kidogo, halafu endelea tena."

Vane ya kutu ukiibana kwa nguvu hukatika shingo, na hapo tungepoteza nyumba. Ramazani alikuwa amekamata kichwa. Udongo wa ukuta ulianza kumomonyoka mbele yetu. Nyuma ya ukuta chuma kililia, kikarudishwa, kikalia tena, kisha Mama Zaituni akasema, kama mtu anayezungumzia sufuria, "Imefika mwisho."

Maji yakakoma. Mafundi wenye vyeti nimewaona wakivunja vane nzima kwa papara; yule mama aliifunga ya kutu bila papara.

Eda ilipokwisha nilikwenda na saruji kuihamishia vane nje. Akanikatalia. "Acha hapo. Sasa ninaijua." Nilimwachia, lakini kwa Ramazani nikaweka ya pili.

Sasa nimestaafu. Vijana wakija kuniuliza kazi, ninawaambia wasiondoke katika nyumba kabla hawajamwonyesha mwanamke wa pale namna ya kufunga. Mke wangu alinuna nilipomfundisha kuifunga ya nyumbani kwetu.

"Weye si uko hapa? Utafunga mwenyewe."

"Leo niko," nilimwambia. "Zungusha."

Akainama, akazungusha.