Pembe Tulibeba Sisi

Mama alipofariki, jirani yetu Mwarabu, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo kama sisi, alifika msibani mapema, akakaa karibu na jeneza akisubiri kutukanwa. Ndivyo ulivyokuwa utani wetu na ukoo wake. Babu zetu waliwabebea babu zake pembe za ndovu hadi pwani, kwa hiyo kila tulipofiwa, yeye ndiye aliyetangulia kulibeba jeneza.

Shangazi hakumkawiza. "Wewe Mwarabu, pembe tulibeba sisi. Inuka, leo beba wewe!"

Waombolezaji wakacheka huku wakilia. Askari mgeni, aliyefuatana na mheshimiwa mbunge wetu aliyekuja kutoa pole, hakucheka. Alimshika shangazi mkono, akasema hayo ni maneno ya ubaguzi, twende kituoni.

"Afande, huyu ni mtani wangu," jirani akamsihi. "Hajanikosea kitu."

Tukamtazama mheshimiwa. Amekulia Isevya, mtaa wa jirani, utani huo anaujua tangu utotoni, na neno lake moja lingetosha. Akatazama saa, akasema sheria ifuate mkondo wake, kisha akatuhutubia kuhusu umoja wa kitaifa mbele ya maiti ya mama yangu. Umoja gani, na wetu ndio huo unapakiwa kwenye gari la polisi?

Shangazi aliachiwa jioni, mama akiwa ameshazikwa. Hakumtania mtu tena.

Mwaka jana naye alifariki. Jirani alikuja mapema, akakaa karibu na jeneza, akasubiri. Hakuna aliyethubutu kumtukana. Tukambeba shangazi wenyewe.